Jogoo wa Rangi ya Majivu

Watu wa Oruba, hapa Migori, wakitaka kukuelekeza kwetu watakuambia uulize nyumba ya fundi wa nzi. Halafu watacheka. Mji mzima unahangaika kufukuza nzi kwenye nyama na kwenye maziwa, na kuna mzee mmoja ameketi dirishani anawatengeneza kwa mkono, mmoja mmoja, tena kwa miwani ili asikosee miguu. Mzee huyo ni baba yangu, Okari. Mimi ni Caren, kifungua mimba wake, nauza dawa za mifugo Homa Bay mjini. Nimemcheka pamoja na hao majirani kwa miaka mingi. Siku hizi sicheki sana, na sababu ni jogoo mmoja.

Nzi wa baba si wadudu. Ni ndoana, nyingine ndogo kuliko punje ya mchele, ambayo huibana kwenye jiriwa mezani kisha huizungushia uzi na manyoya ya kuku mpaka ifanane na mdudu aliyetua juu ya maji. Hutumiwa kuvulia trauti, samaki wa madoadoa anayeishi katika mito ya baridi kule kwenye majani chai, upande wa Kericho. Huku kwetu hayupo. Ziwani kuna mbuta, ngege na omena. Katika mto Migori kuna ningu na kambare. Trauti akiletwa hapa, kwa joto hili, hafiki saa sita mchana. Kwa hiyo baba yangu amezeeka akitengeneza chambo cha samaki ambaye majirani zake hawajawahi kumwona, na wengine wanaamini hayupo kabisa.

Upande wa mama ndio hawamwelewi hata kidogo. Mama yangu, Benta, ni Mluo wa Asumbi, Mkatoliki aliyeolewa na Msabato akahamia ibada ya Jumamosi shingo upande. Ndugu zake wanaishi kwa samaki. Mjomba Oliver, ambaye hununua mbuta Remba na kuwauza Homa Bay, aliwahi kumuuliza baba mbele ya watu, "Shemeji, unatafuta samaki ya nusu kilo siku mzima, ukishashika unairudisha kwa maji. Si ungebaki tu nyumbani ulale?" Baba alitabasamu tu. Na mimi wakati huo nilikuwa upande wa mjomba.

Aliyemtia baba ugonjwa huu ni kaka yake mkubwa, Gichana. Walitoka kwao Keroka wakiwa vijana kwenda kuchuma majani chai. Gichana alikuwa mrefu na mtulivu, na meneja mmoja wa shamba aliyependa kuvua alimchagua awe anambebea wavu kila Jumapili. Alibeba wavu, akaangalia, akajifunza. Meneja alipohama alimwachia fimbo ya kuvulia iliyopasuka karibu na mpini. Gichana aliifunga kwa uzi na gundi, kisha akamchukua mdogo wake mtoni.

Nimejaribu kuvua kwa nzi, kwa hiyo naweza kusema ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Nzi hana uzito, huwezi kumtupa. Unachorusha ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito kidogo, na nzi anaufuata mwishoni. Unauinua mshipi kutoka majini, unaurusha nyuma yako, unasubiri unyooke wote huko nyuma, ndipo unaurudisha mbele. Usiposubiri unajichapa mgongoni au unajitia ndoana sikioni. Baba ana kovu kwenye sikio la kulia mpaka leo.

"Subiri nyuma," Baba Mkubwa Gichana alikuwa akimwambia kila mara. "Wewe unataka tu mbele."

Lakini mikono ya baba ilikuwa na kipaji kingine. Alianza kufunga nzi kwa kuiga wale waliochomekwa kwenye kofia kuukuu aliyoiacha meneja, na haikupita miaka miwili akaajiriwa katika karakana moja ya Kericho iliyokuwa ikitengeneza nzi wa kuuzwa ng'ambo. Alikaa kwenye benchi lile miaka kumi na tisa. Karakana ilipofungwa akahamia hapa Migori, ambako mama alikuwa na kibanda cha nguo, akafungua meza yake dirishani na kuendelea kupeleka kazi kwa duka moja la Nairobi. Baba Mkubwa alibaki kwenye chai hadi alipostaafu akarudi Keroka. Mmoja alijua kurusha, mwingine alijua kufunga. Kila mmoja alimwonea mwenzake wivu, ule wivu wa watu wanaopendana.

Mwaka 2019 magoti yalianza kumsumbua Baba Mkubwa, nami nikaombwa niwasindikize mtoni nibebe mizigo. Nilikwenda nikinung'unika. Saa ya kwanza niliona wazee wawili wanatambaa kwenye nyasi zenye umande bila kusema neno. Trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, akisubiri chakula kiletwe, hivyo ni lazima umfuate kutoka nyuma. Kivuli chako kikimpita, amekwenda, na huyo hutamwona tena kwa muda mrefu. Baba Mkubwa alikwenda kwa magoti yale yale mabovu, akasimama nyuma ya kichaka, akaurusha mshipi. Ulikwenda nyuma, ukanyooka, ukarudi, na nzi akatua juu ya maji bila kuyatikisa.

Kisha maji yalipasuka na fimbo ikapinda. Sikujua kwamba nilikuwa nimesimama. Samaki alikimbilia kwenye mizizi, akaruka, akarudi, na mzee yule aliyeshindwa kupanda ngazi za kanisa alikuwa anamfuata ukingoni akicheka peke yake. Alipomleta karibu, alilowesha mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu humchuna ute. Akamshika kidogo ndani ya maji, kichwa kikielekea juu mtoni, akasubiri apate nguvu, akafungua vidole. Nilitaka kumwambia amshike mwingine.

Mkubwa wa samaki wote hao aliishi chini ya jiwe moja jeusi mbele kidogo. Baba alijaribu mara mbili, akamshtua kwa haraka yake. Wakapumzika wakanywa chai ya chupa, wakampa muda asahau. Baba Mkubwa akajaribu. Samaki alipanda taratibu, akamfuata nzi kiasi cha shibiri moja, akamwangalia, akageuka. Mara tatu. Ya tatu hata mimi nilimwona, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole.

"Ni rangi," Baba Mkubwa alisema akikunja mshipi. "Hii imekuwa nyeusi sana. Huyu anataka majivu. Majivu ya kuni kavu, na dhahabu kidogo pembeni. Nimetafuta jogoo ya rangi hiyo miaka thelathini, sijawahi kuona." Akamgeukia baba. "Okari, ukipata hiyo kuku, mimi na wewe tunarudi hapa."

"Nitampata," baba akasema.

Alimpata Isebania, mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Alikwenda kununua uzi, akakuta mama mmoja Mkuria, Susana, ameketi kando ya barabara ya malori na jogoo mdogo amefungwa miguu. Baba aliinama amtazame jogoo. Alikuwa wa rangi ya majivu, na kila unyoya wa shingo ulikuwa na ukingo wa dhahabu. Hakumwambia Susana kuku huyo ni wa nini, maana angedhaniwa mwehu. Alimbeba kwapani hadi Migori, na jioni hiyo akanipigia simu kuniuliza chanjo zote ninazozijua.

Manyoya mazuri ya nzi hutoka kwenye shingo ya jogoo aliyekomaa, magumu, yanayoelea. Baba hakutaka kumchinja. Alimnyonyoa machache kwa upole, kisha akasubiri mapya yaote, na yanapoota huwa na damu shinani na hayafai kwa lolote mpaka yakomae. Alikuwa ameamua kufunga nzi ishirini na wanne, dazeni mbili, awaweke katika kibati, ampelekee kaka yake Desemba ya 2021 na kumwambia waende mtoni. Alituapiza mimi na mama tusiseme neno, maana alitaka kuuona uso wa Gichana akifungua kile kibati. Hadi Agosti 2021 alikuwa na nzi sita, na shingo ya jogoo imejaa vichipukizi vya damu.

Jumapili moja ya mwezi huo, nikiwa nimekuja nyumbani kusalimia, simu ya baba ililia. Ilikuwa Baba Mkubwa. "Niko Rongo," alisema, mwendo usiofika saa moja hadi kwetu. "Nakuja kuwaona."

Nieleze jambo hili kwa wasio wa kwetu. Kaka mkubwa akija nyumbani kwa mdogo wake, tena baada ya miaka miwili, huchinjiwa jogoo. Firigisi huwekwa kwenye sahani yake, naye huila au humpa anayemtaka. Nyama ya ng'ombe ni chakula kizuri, lakini haisemi kitu. Kumpa mtetea ni vibaya zaidi, heri umpe sukuma wiki. Mama alikuwa Asumbi kwenye matanga. Nilikimbia sokoni nikapata mitetea miwili iliyokonda, na jogoo hapana. Nikanunua kilo mbili za ng'ombe.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa amesimama uani, jogoo mkononi.

"Tumchinje tu," nikamwambia.

"Nimefika sita," akasema. "Hata hao hawatoshi kwa mtu mmoja. Nikimchinja leo namlisha yeye zawadi yake, na hayo manyoya yote yana damu."

"Basi mwambie ukweli."

"Nikimwambia sasa nimeharibu kila kitu. Weka huyu bafuni."

Nilimweka bafuni, nikamfunika kwa karai, nikaweka jiwe juu. Mimi, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwenye cheti ukutani. Baba Mkubwa alifika na fimbo ya kutembelea, akakaa, tukasali, nikaleta chakula. Aliiangalia nyama. Asingeuliza, maana mtu mzima haulizi. Ni mimi niliyeona aibu nikafungua mdomo.

"Utusamehe, Baba Mkubwa. Kuku walikufa. Ni kideri."

"Pole sana," akasema. "Wote?"

"Wote."

Alijua ninauza dawa za kideri. Hapo jogoo akawika. Aliwika kutoka bafuni, na karai likaikuza sauti hiyo ikajaa nyumba nzima. Akawika tena. Baba aliangalia sahani yake.

"Basi huyo amefufuka," Baba Mkubwa akasema kwa upole.

Alikula tonge moja zaidi, ili asituaibishe. Akaomba maji ya kunawa. Alisema ana safari, akatuombea, akashukuru kwa chakula. Nilimsindikiza kwa kupitia uani, na kumbe jogoo alikuwa ameliangusha karai, amejipenyeza mlangoni na kusimama juani. Baba Mkubwa alisimama. Alimwangalia kuku yule kwa muda mrefu, shingo hasa, akiegemea fimbo yake. Nilidhani anahesabu kosa letu. Kisha akaendelea na safari.

Nilimwambia baba amfuate stendi. Hakwenda. Nilimwambia ampigie simu. Alisema maneno matupu hayatoshi, kwamba atakwenda na kibati mkononi, akifungua kile kibati hatahitaji kueleza. Nilimkubalia, kwa sababu uongo ulikuwa wangu na sikuwa na hamu ya kuusikia ukitajwa. Desemba ilifika akiwa na nzi kumi na wanne. Dazeni mbili zilitimia Machi. Lakini kufikia Machi aibu nayo ilikuwa imekomaa. Mara barabara ni mbaya, mara duka la Nairobi linataka kazi ya haraka, mara atakwenda mvua zikiisha. Mtu ambaye maisha yake yote hakuweza kusubiri, hili ndilo alilolisubirisha. Mama alimwambia waziwazi, "Baba Caren, hiyo si haya tena, hiyo ni kiburi." Akakasirika, akaacha kula siku nzima, na safari haikufanyika.

Baba Mkubwa naye hakupiga simu. Salamu zilipita kwa watu. Ikawa mwaka, ikawa karibu miwili, na Mei 2023 binamu yangu Monari, mwanawe, akanipigia saa nne asubuhi. Moyo, alisema. Alianguka akitoka kukamua.

Baba alikwenda Keroka na kile kibati katika mfuko wa koti. Nilikiona kikivimba pale kifuani wakati mchungaji anahubiri. Alipopita kumuaga ndugu yake mkono wake uliingia mfukoni, ukatoka mtupu. Baadaye aliniambia alihisi hana haki ya kumpa mtu kitu ambacho hawezi kukikataa.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Mama Mkubwa Nyarangi alituita nyuma ya jiko alikokuwa akimenya maharagwe. Hapo baba alisema yote. Alisema juu ya jiwe jeusi, Isebania, manyoya yenye damu, bafu, karai, na mimi nikakiri kideri changu. Akatoa kibati akakifungua juu ya ungo, nzi ishirini na wanne wa rangi ya majivu. Mama Mkubwa hakuacha kumenya.

"Alijua," akasema.

Baba akainua macho kutoka kwenye kibati.

"Siku hiyo alirudi hapa akaniambia, Mama Monari, Okari amempata. Rangi yenyewe, na dhahabu kando. Nikamuuliza, sasa mbona uso ni hivyo? Akasema hata yeye hiyo kuku hangechinja. Ati angepewa sukuma angekula na angeshukuru." Alitupa ganda. "Kitu ilimuuma ni kudanganywa kama mgeni. Lakini akasema, Okari atakuja mwenyewe aniambie. Hiyo fimbo yake ya samaki aliipangusa kila Jumapili. Gari ikisimama hapo barabarani ananiuliza, ni Okari? Namwambia ni watu wa maziwa."

Baba alikaa chini pale pale, kwenye maganda. Nilimwona akilia kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, bila sauti, miwani ikiwa bado usoni. Mama Mkubwa alimwacha alie. Baadaye alimfungia kibati akakirudisha katika mfuko wa koti lake, kwa sababu alisema yeye hana mto wa kuvulia.

Mtoni baba hajarudi. Nilijitolea kumsindikiza, nikamwambia tungejaribu chini ya lile jiwe. Akasema samaki huyo aliahidiwa mtu. Bado anafunga nzi, wa rangi nyingine, na jogoo aliendelea kuishi uani bila kunyonyolewa, akiwika kila alfajiri. Nilimwambia mama kwamba ningekuwa baba ningemuuza. Mama akasema, "Wacha amsikie, nyathina, mtoto wangu."

Desemba hiyo Monari alikuja Migori kutusalimia, peke yake. Alipiga simu siku mbili kabla, na soko lilijaa majogoo. Baba alinikataza kwenda sokoni. Alimkamata yule wa majivu mwenyewe, akamchinja mwenyewe, na manyoya yote akayazika pamoja na damu. Nilimwomba aache angalau ya shingo. Akatikisa kichwa.

Tulimchemsha jogoo yule kuanzia asubuhi, kuni zikaisha tukaongeza mkaa, na bado uma haukuingia vizuri. Baba aliweka firigisi kwenye sahani ya Monari kwa mkono wake. Monari alitafuna muda mrefu, akatuangalia, akatabasamu.

"Baba Mdogo," akasema, "hii kuku mmeiacha ikazeeka."

"Ndiyo," baba akasema. "Alikuwa wa baba yako."